Maji Yanapoziba Masikio: Historia ya Kutafuta Molekuli za Uhai kwa Mawimbi ya Terahezi

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua maji safi, yatandaze yawe na unene wa milimita 0.1 tu, kama karatasi ya daftari. Pitisha hapo wimbi la terahezi 1. Kinachotokea upande wa pili ni takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu uliyoingiza. Sasa ongeza unene ufike milimita 1. Kinachotoka ni chini ya sehemu moja ya bilioni. Yaani, hakuna kitu.

Halafu kumbuka kwamba seli hai kwa sehemu kubwa ni maji. Damu ni maji, ute wa yai ni maji, misuli yako ni maji. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mawimbi ya terahezi yanaweza kutambua molekuli za uhai, mfano protini, DNA au sukari, swali la kwanza la haki ni hili: anapitaje kwenye maji?

Swali hilo limewasumbua watafiti tangu fani hii ilipoanza, na linatuhusu hata sisi tusio na leza mezani. Siku hizi ukiingia mitandaoni hukosi kukutana na mtu anayeuza kifaa "cha terahezi" kinachodaiwa kusoma magonjwa au kuyaponya kwa kuelekezwa tu mwilini. Kuna watu wanatoa akiba yao kununua vitu hivyo. Ukiijua historia ya mawimbi haya, utajua cha kumuuliza muuzaji.

Terahezi ni nini hasa?

Ukifungua redio ya FM kwenye megahezi 100, wimbi linalofika kwenye antena linatetema mara milioni 100 kwa sekunde. Wi-Fi iko kwenye gigahezi, yaani mabilioni. Terahezi 1 ni mitetemo trilioni 1 kwa sekunde, na urefu wa wimbi lake ni milimita 0.3. Chini yake kuna maikrowevu, juu yake kuna infraredi, ile mionzi ya joto unayoisikia ukikaa karibu na jiko la mkaa.

Eneo la kati ya terahezi 0.1 na 10 liliitwa kwa muda mrefu "pengo la terahezi". Sababu ni rahisi. Ukitokea upande wa redio, vifaa vya elektroniki vinashindwa kutetema haraka kiasi hicho. Ukitokea upande wa mwanga, taa na leza za kawaida zinashindwa kwenda taratibu kiasi hicho. Kila upande uliishia njiani.

Kwa nini basi wanabiolojia walipendezwa na pengo hili? Fotoni moja ya terahezi 1 ina nishati ya elektronivolti 0.004 hivi, wakati kuvunja kifungo imara cha kemikali kunahitaji elektronivolti kadhaa. Kwa hiyo haiwezi kupasua molekuli kama eksirei inavyoweza. Inachoweza ni kuitikisa. Vifungo dhaifu vya haidrojeni, vile vinavyoshikanisha nyuzi mbili za DNA na kuifanya protini ijikunje inavyotakiwa, vina mitetemo inayoangukia humu. Fikiria mcheza ngoma: infraredi inaona vidole vyake vikitikisika, terahezi inaona mabega na kiuno. Ni mwendo wa mwili mzima. Na kwa protini, mwendo wa mwili mzima ndio kazi yenyewe.

Berlin, 1900: fuwele zinataja masafa yake

Watu wengi wakisikia terahezi wanadhani ni jambo la juzi. La hasha. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanafizikia Heinrich Rubens alikuwa Berlin akihangaika na mionzi mirefu ya infraredi. Mwaka 1897, yeye na Mmarekani Ernest Fox Nichols walitumia mbinu ya ujanja: walichukua mwanga wenye mchanganyiko wa kila aina, wakaurusha kwenye uso wa fuwele, ukadunda, wakaurusha tena kwenye fuwele nyingine ya aina ileile, na tena. Kila fuwele hurudisha kwa nguvu sehemu moja tu ya mionzi na kuiacha mingine ipotee. Baada ya kudunda mara kadhaa kinabaki kile kipande kimoja. Waliita "mionzi iliyobaki".

Mwaka 1900, Rubens na Ferdinand Kurlbaum walipima mionzi ya aina hiyo kwa kutumia chumvi ya mawe. Urefu wa wimbi ulikuwa mikromita 51, sawa na karibu terahezi 6. Vipimo vyao havikukubaliana na fomula ya Wilhelm Wien iliyokuwa ikiaminiwa wakati ule. Jumapili ya tarehe 7 Oktoba, Rubens alimtembelea Max Planck nyumbani na kumweleza alichokiona. Jioni ileile Planck alipata fomula mpya, na tarehe 19 Oktoba akaiwasilisha mbele ya wenzake. Kutoka hapo ndiko nadharia ya kwanta ilikoanzia. Kwa hiyo pengo hili tunaloliita jipya lilichangia kuizaa fizikia ya karne ya 20.

Kwa hadithi yetu, kuna funzo jingine kwenye zile fuwele. Kwa nini chumvi irudishe masafa fulani tu? Ni kwa sababu atomi zake, zikiwa zimepangwa kwa safu, hutetema kwa masafa hayohayo. Mwanga uliorudi ulikuwa umebeba habari za mpangilio wa ndani. Shika neno hilo, mpangilio. Litarudi.

Nichols hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1923, akiwa na J. D. Tear, alitengeneza mawimbi ya umeme mafupi kiasi cha kukutana na infraredi ndefu, akaonyesha kwamba pande hizo mbili ni barabara moja. Mwaka uliofuata, alipokuwa Washington akiieleza kazi hiyo mbele ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, alianguka na kufariki. Pengo lilikuwa limeunganishwa kwenye ramani, ila vyanzo vilikuwa dhaifu mno kwa matumizi. Barabara ilikuwepo, magari hayakuwepo.

Liverpool, 1968: wazo lililotangulia vifaa

Herbert Fröhlich alikuwa mwanafizikia Myahudi aliyelazimika kuondoka Ujerumani mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika madaraka. Alipofika Liverpool alikuwa tayari na jina kubwa kwenye fizikia ya vitu yabisi. Mwaka 1968 akageukia viumbe hai kwa hesabu fupi ajabu. Utando wa seli una unene wa nanomita 10 hivi. Mtetemo husafiri ndani yake kwa takriban mita 1,000 kwa sekunde. Gawanya, unapata mitetemo bilioni 100 kwa sekunde, yaani terahezi 0.1. Mlangoni kabisa mwa pengo.

Akaenda mbali zaidi. Alisema kwamba seli inapolishwa nishati bila kukoma, mitetemo iliyotawanyika inaweza kujikusanya kwenye masafa ya chini na kwenda pamoja, kama watu waliokuwa wakipiga makofi ovyo ukumbini wakajikuta wamefuata mdundo mmoja. Kama ni kweli, basi viumbe hai vina mdundo unaoweza kusikika kwenye masafa hayo.

Wazo lilivutia wengi, wakiwemo wafanyabiashara wa tiba za ajabu, hadi leo. Lakini mwaka 1968 hakukuwa na kifaa cha kulipima sawasawa.

Leza zafungua mlango

Kifaa kilikuja kupitia njia ambayo haikuwa na uhusiano wowote na biolojia. Katika maabara za Bell nchini Marekani, David Auston alikuwa akitafuta swichi ya umeme yenye kasi kuliko zote. Mwaka 1975 alionyesha kwamba mpigo mfupi wa leza ukigonga kipande cha silikoni, mkondo wa umeme unawaka na kuzimika ndani ya pikosekunde chache. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Sasa piga hesabu: umeme unaowaka na kuzimika kwa muda kama huo lazima urushe mawimbi ya terahezi. Kufikia mwaka 1984 yeye na wenzake walikuwa na antena mbili ndogo, moja inatuma na nyingine inapokea, zote zikiamshwa na leza ileile.

Faida yake ilikuwa kubwa. Vipima joto vya zamani vilikuambia nguvu tu iliyofika. Mbinu hii inachora wimbi lenyewe, bonde na mlima, hivyo unajua limepungua kiasi gani na pia limechelewa kiasi gani baada ya kupita kwenye sampuli.

Mwaka 1989, kundi la Daniel Grischkowsky kule IBM lilitumia mbinu hiyo kupima mvuke wa maji. Walipima kwa usahihi mistari tisa yenye nguvu kati ya terahezi 0.2 na 1.45. Ona jinsi maji yalivyojitokeza mwanzoni kabisa! Hadi leo watafiti wengi hufunika mitambo yao kwenye sanduku na kupuliza ndani naitrojeni au hewa kavu, maana unyevu wa kawaida wa chumbani unatosha kuchora mistari yake juu ya kila kipimo.

Mwaka 1995, Binbin Hu na Martin Nuss wa Bell walipiga picha ya jani kwa mawimbi haya, wakalirudia baada ya saa 48. Picha mbili zilionyesha wazi jinsi jani lilivyopoteza maji. Hapo kuna kitu cha kutafakari: kitu cha kwanza kibichi kutoka kwa kiumbe hai kupata umaarufu kwenye picha za terahezi kilionekana kwa sababu ya maji yake.

Mwaka 2000: alama ya kidole haikutokea

Matumaini yalikuwa haya: kila molekuli itakuwa na mistari yake, kama alama ya dole gumba kwenye fomu ya kitambulisho. Unapitisha wimbi, unasoma mistari, unasema hii ni protini fulani.

Mwaka 2000 Andrea Markelz, Adrian Roitberg na Edwin Heilweil walijaribu. Kwa kuwa maji yangeziba kila kitu, walikausha sampuli: DNA ya ndama, albumini ya damu ya ng'ombe, na kolajeni. Unga mkavu. Wakapima hadi terahezi 2.

Hawakupata mistari. Walichopata ni ufyonzaji unaopanda polepole kadiri masafa yanavyopanda, kama mlima usio na vilele. Maelezo yake yanaeleweka: protini moja ina maelfu ya atomi na mitetemo mingi mno iliyobanana, na kila molekuli kwenye unga ule imekaa kwa namna tofauti kidogo na jirani yake. Ni kama kusikiliza soko zima la Kariakoo kwa mara moja. Sauti zipo, maneno hayashikiki. Hata hivyo waliona kitu: ufyonzaji ulibadilika sampuli ikiongezewa unyevu, na ulibadilika molekuli ikiharibiwa umbo lake.

Mwaka huohuo, watafiti wa Aachen, Ujerumani, walikuja na njia nyingine. Badala ya kutafuta mistari, walipima tu jinsi tabaka la DNA linavyochelewesha wimbi. Wakakuta nyuzi mbili zilizoshikana zinalichelewesha tofauti na uzi mmoja mmoja. Kufikia mwaka 2002 walikuwa wameweka DNA juu ya vifaa vidogo vya mwangwi kwenye chipu, na wakatambua badiliko la herufi moja tu ya kijenetiki kwa kiasi cha femtomoli, yaani molekuli milioni 600 hivi. Hakuna rangi wala lebo iliyobandikwa kwenye DNA, kama vipimo vingi vinavyohitaji. Lakini tabaka la DNA lilipimwa likiwa kavu.

Sukari yatoa siri

Jibu la kwa nini mistari ilikosekana lilitoka kwenye kitu cha jikoni. Markus Walther, Bernd Fischer na Peter Uhd Jepsen, wakiwa Freiburg, walipima sukari za aina mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Sukari ya fuwele ilionyesha vilele vikali, vizuri kabisa. Sukari ileile, molekuli zilezile, ikiwa haina mpangilio wa fuwele, kama ilivyo kwenye pipi ngumu, vilele vikatoweka.

Rudi kwa Rubens na chumvi yake. Vile vilele vilitokana zaidi na jinsi molekuli zilivyoshikana na majirani zake. Ukiwatawanya majirani, vilele vinaondoka nao. Kwa maneno mengine, terahezi inakueleza molekuli iko na nani na imekaaje, kabla hata ya kukueleza ni nani.

Waliolielewa hilo mapema walipata kazi ya kuifanyia mbinu hii. Kwenye viwanda vya dawa, kidonge kinaweza kuwa na molekuli sahihi lakini kwa mpangilio mwingine wa fuwele, na mpangilio unaweza kubadilisha jinsi dawa inavyoyeyuka. Ranitidini, dawa ya vidonda vya tumbo, ina maumbo mawili ya fuwele yaliyowahi kugombaniwa mahakamani katika miaka ya 1990. Mwaka 2003, watafiti walionyesha kwamba terahezi inayatofautisha maumbo hayo. Mwaka huohuo, kundi la Kodo Kawase nchini Japani lilitambua dawa za kulevya zikiwa ndani ya bahasha, bila kuifungua. Karatasi kwa terahezi ni kama dirisha.

Ona kinachounganisha ushindi huu wote: vidonge, unga, bahasha. Vitu vikavu.

Maji yageuka kuwa shahidi

Kwa miaka kadhaa watafiti waliyakimbia maji. Mabadiliko yalikuja pale wengine walipoamua kuyasikiliza.

Martina Havenith na wenzake wa Bochum, Ujerumani, pamoja na washirika wao wa Marekani, walifanya jaribio ambalo ukilisikia unasema mbona rahisi. Walichukua maji wakaongeza protini kidogo kidogo. Protini hufyonza terahezi kidogo kuliko maji. Kwa hiyo kila unapoondoa maji na kuweka protini mahali pake, ufyonzaji unapaswa kushuka kwa mstari ulionyooka. Haukushuka hivyo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007, ufyonzaji ulipanda kwanza, kisha ndipo ukashuka.

Tafsiri yao ni kwamba maji yaliyo karibu na protini si maji ya kawaida tena. Yanacheza tofauti, na athari hiyo inafika zaidi ya nanomita 1 kutoka kwenye protini, umbali wa molekuli kadhaa za maji. Kila protini inatembea na kundi lake la maji. Kelele iliyokuwa ikifukuzwa ilikuwa na ujumbe ndani yake.

Ukitazama nyuma kwa jicho hilo, picha za saratani ya ngozi zilizotoka Cambridge kuanzia mwaka 2002 zinaeleweka vizuri zaidi. Uvimbe ulionekana tofauti na ngozi ya kawaida, na sababu kubwa inayotajwa ni tofauti ya maji yaliyomo. Hakuna aliyesoma jina la molekuli ya saratani humo. Na picha zenyewe ni za tabaka la juu, kwa sababu ile hesabu ya mwanzo haijafutwa na mtu.

Markelz naye alirudi. Mwaka 2014, akiwa Chuo Kikuu cha Buffalo, yeye na wenzake walichukua lisozaimu, protini ya ute wa yai la kuku, ikiwa ndani ya fuwele ili molekuli zote zielekee upande mmoja. Wakaizungusha na kupima. Safari hii mitetemo ya protini nzima ilionekana, na ilibadilika protini ilipokamatwa na molekuli inayoizuia kufanya kazi. Ilichukua miaka 14, na ufumbuzi ulikuwa ni mpangilio.

Na Fröhlich? Mwaka 2009 Jeffrey Reimers na wenzake walikokotoa kwamba ule mdundo mmoja wenye nguvu hauwezi kupatikana katika mazingira ya kibiolojia. Mwaka 2015 kundi la Gothenburg, Uswidi, liliangaza fuwele za lisozaimu kwa terahezi 0.4 na kuona kwa eksirei mabadiliko madogo ya umbo ambayo joto pekee halikuyaeleza, likasema yanalingana na wazo la Fröhlich. Mjadala uko wazi. Lakini hata anayekubaliana na Gothenburg anazungumzia fuwele ndani ya maabara, siyo ini la mtu.

Turudi kwa muuzaji

Sasa ukikutana na kifaa "cha terahezi" kinachodai kusoma mwili wako, huna haja ya shahada. Uliza mambo mawili. La kwanza: sampuli ni kavu au mbichi? Kama ni mwili mzima, mawimbi hayo yanaishia kwenye ngozi, hayafiki kwenye figo wala kongosho. La pili: kinachoonekana ni molekuli yenyewe au maji yaliyo jirani yake? Hata maabara zenye leza za bei mbaya hulijibu swali hilo kwa tahadhari.

Akikuambia kifaa chake "kinatoa terahezi", mwambie hata sufuria ya uji wa moto inatoa. Kila kitu chenye joto hutoa kidogo, ukiwemo mkono wako unaoshika simu kusoma makala hii. Kutoa mawimbi ni jambo moja. Kuyatumia kumtambua nani yuko ndani ya maji ni kazi iliyowachukua watu kutoka Rubens hadi Havenith, na bado haijaisha.